Nchi Jirani: Mabaraza ya Uganda na Uchaguzi Usio wa Vyama

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani. Katika mazungumzo ya leo tunaiangalia nchi jirani ya Uganda, na katika historia yake tunachagua jambo moja tu: uchaguzi wa viongozi wa serikali za mitaa pasipo vyama vya siasa. Kwa muda wa karibu miaka 20, tangu mwaka 1986 hadi 2005, wananchi wa Uganda waliwachagua viongozi wa vijiji vyao, na kwa kupitia hao wakapata viongozi wa ngazi za juu, bila ya mgombea yeyote kuruhusiwa kusimama kwa jina la chama.

Jambo hilo linaweza kudhaniwa kuwa ni la wanasiasa peke yao. Lakini sivyo. Historia ya serikali za mitaa nchini Uganda ni historia ya swali moja linalomhusu kila mwenye kushika silaha: je, kijijini, ni nani mwenye sauti juu ya yule aliyevaa sare? Tutaona kwamba swali hilo limejibiwa kwa njia tofauti katika nyakati tofauti, na kwamba kila jibu limelipiwa kwa jasho, na mara nyingine kwa damu.

Tuanze na zama za wakoloni. Mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na watawala wa Buganda uliigawa Buganda katika masaza 20. Saza ndiyo iliyoitwa kaunti katika lugha ya serikali. Chini ya saza palikuwa na gombolola, chini ya gombolola muluka, na chini ya muluka kijiji. Mpango huo haukuishia Buganda. Waingereza waliupeleka hata katika sehemu za mashariki na kaskazini ambako watu hawakuwa na desturi ya machifu wa namna hiyo, na huko mashariki walimtumia Mganda mmoja mashuhuri, Semei Kakungulu, kuuanzisha.

Chifu wa saza au wa gombolola alikuwa mtu wa mamlaka nyingi. Yeye ndiye aliyekusanya kodi, yeye ndiye aliyewatoa watu kwenda kazi za lazima, yeye ndiye aliyekaa barazani kuhukumu, na yeye ndiye aliyekuwa na askari wa kumkamata aliyekaidi hukumu. Mshitaki, hakimu na mfungaji walikuwa mtu mmoja. Wala hakuchaguliwa na wale aliowatawala. Mnamo mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuanzisha mabaraza ya wilaya, na baadhi ya wajumbe wakaanza kuchaguliwa, walakini chifu mwenyewe aliendelea kuwa mtu wa kuteuliwa kutoka juu.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Muda si muda serikali kuu ikaanza kuyavuta madaraka yote mikononi mwake. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta falme, na sheria ya tawala za mitaa ya mwaka huo huo ikayafanya mabaraza ya wilaya kuwa matawi ya wizara. Kisha tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akatwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki. Mabaraza yakavunjwa. Majimbo yakawekwa chini ya magavana wanajeshi, na askari wengi wakapewa nafasi za uchifu. Hapo ndipo yule mkulima wa muluka alipokosa hata mlango wa kubisha. Zamani alimwogopa chifu mwenye askari. Sasa askari mwenyewe ndiye chifu. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na kwa miaka minane watu wa Uganda hawakuwa na la kufanya ila kupisha.

Ndugu wasikilizaji, vita vya mwaka 1978 na 1979 vinajulikana kwetu sote, maana majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda ndiyo yaliyoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba baada ya vita hivyo mji wa Kampala, uliokuwa umejaa silaha zilizotupwa na wanyang'anyi wa usiku, ulianzishiwa utaratibu uliotoka Tanzania, yaani utaratibu wa nyumba kumi kumi. Waganda waliuita "mayumba kumi". Madhumuni yake yalikuwa usalama: kila kundi la nyumba liwe na mtu anayewajua wakazi na wageni, ili mhalifu asipate pa kujificha.

Lakini chombo kilekile huweza kuchota maji safi au machafu. Katika mwezi wa Mei 1980 Rais Godfrey Binaisa, ambaye alitaka uchaguzi ufanywe chini ya mwavuli mmoja wa umoja wa ukombozi badala ya vyama, alipinduliwa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukafanywa kwa vyama, chama cha UPC cha Milton Obote kikatangazwa kuwa kimeshinda, na wapinzani wake wakayakataa matokeo. Katika miaka iliyofuata mayumba kumi yakawa mali ya chama kilichotawala. Balozi wa mtaa aligawa sukari, sabuni na chumvi zilizokuwa adimu, akiwapa aliowapenda na kuwanyima aliowashuku. Aidha, yeye ndiye aliyepeleka majina ya majirani zake kwa wanausalama. Mtu alichukuliwa usiku kwa neno la jirani, na asubuhi ndugu zake hawakuwa na pa kuuliza. Huo ndio msingi wa chuki ambayo Waganda wengi walikuwa nayo dhidi ya vyama katika mambo ya kijiji. Haikutoka vitabuni. Ilitoka mlangoni mwa nyumba.

Tarehe 6 Februari 1981 kikundi cha watu wapatao 40, wenye bunduki 27, kilishambulia chuo cha kijeshi cha Kabamba kikiongozwa na Yoweri Museveni. Vita vya msituni vikaanza, na uwanja wake mkubwa ukawa eneo la Luwero. Wapiganaji wachache namna hiyo hawawezi kuishi bila ya wananchi. Walihitaji chakula, habari za nyendo za adui, na vijana wa kujiunga nao. Kwa ajili hiyo ziliundwa kamati za siri vijijini. Mwanzo zilikuwa za watu walioaminiwa tu. Baadaye, katika sehemu zilizokuwa mikononi mwa wapiganaji, machifu wa serikali walipokimbia, wanakijiji wakaanza kuzichagua wenyewe kamati hizo, nazo zikawa ndizo zinazoamua magomvi, kulinda mali na kupeleka malalamiko kwa makamanda endapo mpiganaji amemdhulumu raia.

Museveni alipoapishwa kuwa Rais tarehe 29 Januari 1986, kamati hizo zilienezwa nchi nzima kwa jina la Mabaraza ya Upinzani, maarufu kwa herufi RC. Neno upinzani hapa lilikumbusha vita vya msituni. Halikuwa na maana ya chama kinachoipinga serikali bungeni. Serikali mpya iliunda pia tume ya kuchunguza mfumo wa serikali za mitaa chini ya uenyekiti wa mwanachuoni Mahmood Mamdani, na mwaka 1987 ikatungwa sheria ya kuyapa mabaraza hayo msimamo wa kisheria.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila mtu mzima wa kijiji, tangu umri wa miaka 18, alikuwa mjumbe wa baraza la kwanza kwa haki ya ukazi wake tu. Baraza hilo lilichagua kamati ya watu tisa: mwenyekiti, makamu wake, katibu, na wahusika wa fedha, usalama, elimu, habari, vijana na wanawake. Wagombea walisimama mbele ya watu, na wapiga kura wakapanga mstari nyuma ya yule waliyemtaka. Wakahesabiwa mchana kweupe. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na sanduku, wala hakukuwa na bendera ya chama. Kampeni zenyewe zilikatazwa, kwa hoja kwamba wanakijiji wanajuana na hawana haja ya kuhubiriwa.

Wajumbe wa kamati za vijiji walikutana wakawa baraza la muluka, nao wakachagua kamati yao ya tisa. Za miluka zikaunda baraza la gombolola, na za magombolola zikaunda baraza la saza. Wilayani walikwenda wajumbe waliotumwa na magombolola. Ngazi tano kwa jumla, kutoka kijiji hadi wilaya.

Matunda ya kwanza yalionekana upesi. Machifu walibaki, lakini sasa walikuwa watumishi wenye kuulizwa na baraza. Kodi ikikusanywa, palikuwa na mtu aliyechaguliwa wa kuuliza imekwenda wapi. Mwaka 1988 mabaraza yalipewa mamlaka ya kusikiliza mashauri madogo ya madai: deni, uharibifu wa mazao, mipaka ya mashamba ya kimila. Mkulima aliyekuwa akishindwa nauli ya kwenda kwa hakimu mjini sasa alipeleka shauri lake chini ya mti, na asiporidhika aliweza kukata rufani kwenye muluka, kisha kwenye gombolola. Wanawake, ambao katika mabaraza ya machifu walisikilizwa kwa nadra, walipata angalau kiti kimoja cha lazima katika kila kamati.

Na kwa upande wa wenye silaha? Hapa ndipo penye somo kubwa. Jeshi la NRA lilikuwa na kanuni za mwenendo zilizochapishwa kama sheria mwaka 1986, zikimtaka askari asimdhulumu raia, na alipe fedha taslimu kwa kila anachochukua. Lakini kanuni bila msimamizi ni maandishi tu. Mabaraza yalimpa raia mahali pa kupeleka malalamiko: askari akichukua kuku au akimpiga mtu, palikuwa na mhusika wa usalama wa kijiji aliyetambuliwa na sheria, mwenye haki ya kumwendea kamanda na kusema. Polisi nao, waliokuwa wachache mno katika miaka ile ya mwanzo, waliwategemea wajumbe hao kumtambua mgeni, kumkabidhi mshukiwa na kuelezea chanzo cha ugomvi. Askari mwenye busara aliona kwamba baraza lilimpunguzia kazi na kumwondolea uadui.

Hata hivyo si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Mabaraza yalistawi palipokuwa na amani. Kaskazini na katika Teso, ambako maasi yaliendelea, mwenyekiti wa baraza alijikuta katikati ya mioto miwili: waasi walimwona kibaraka wa serikali, na wanajeshi walimshuku kuwa anawaficha waasi. Tarehe 11 Julai 1989, huko Mukura katika wilaya ya Kumi ya wakati huo, wanaume 69 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya behewa la reli, walimofungiwa na wanajeshi wa serikali waliowakamata kwa kuwashuku kuwa waasi. Sheria ya mabaraza ilikuwapo katika vitabu mwaka huo. Kanuni za mwenendo zilikuwapo. Kilichokosekana ni sauti ya raia iliyoweza kumfikia mwenye ufunguo wa behewa kwa wakati. Sheria ya uchaguzi wa kijiji ina faida gani, ikiwa mwenye silaha haitambui inapomwelekea yeye?

Palikuwa na kasoro nyingine iliyokuwa ndani ya mpango wenyewe. Mwananchi alipiga kura mara moja tu, kijijini. Wa muluka alichaguliwa na waliochaguliwa, wa gombolola na waliochaguliwa na hao, na kuendelea. Mnamo Februari 1989 Bunge la wakati huo lilipopanuliwa, mwakilishi wa saza hakuchaguliwa na wananchi wa saza bali na wajumbe wa mabaraza ya magombolola. Jogoo wa shamba hawiki mjini: sauti iliyokuwa kali kijijini ilififia kila ilipopanda ngazi. Na wilayani, mwenye amri kubwa alikuwa msimamizi aliyeteuliwa na Rais.

Kuhusu mstari wa wapiga kura, inafaa tutupe jicho Kenya, jirani yetu mwingine, ambako utaratibu uleule wa kupanga mstari ulitumika katika miaka hiyohiyo kwa matokeo tofauti. Mwaka 1988 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee nchini humo, kiliwateua wagombea wake kwa mlolongo, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amekwisha kuchaguliwa bila ya kura ya siri. Malalamiko yalienea kwamba mahali pengi mwenye mlolongo mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi, ingawa watu waliuona kwa macho yao. Desemba 1990 KANU yenyewe iliuacha mpango huo. Tofauti yake na Uganda haikuwa katika mstari. Ilikuwa katika cheo kilichogombewa na katika aliyehesabu. Mwenyekiti wa kijiji cha Uganda alihesabiwa na majirani zake, kwa kazi ya kuwatumikia hao hao, nao waliweza kumwondoa. Cheo kinapokuwa kikubwa, na mhesabuji akawa mtumishi wa mkubwa, uwazi wa mstari humfichua mpiga kura zaidi kuliko unavyomfichua mwizi wa kura.

Waganda wenyewe waliliona hilo. Mwaka 1994, walipowachagua wajumbe 214 wa Bunge la Katiba, walitumia kura ya siri. Katiba ya mwaka 1995 iliyabadili Mabaraza ya Upinzani kuwa Mabaraza ya Mitaa, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 ikaamuru kwamba wenyeviti wa wilaya na wa magombolola wachaguliwe na wananchi wote kwa kura ya siri, huku kijiji kikibaki na mstari wake. Theluthi ya viti vya madiwani ikawa ya wanawake. Saza ikabaki kitengo cha utawala tu, na madaraka ya fedha na mipango yakakaa wilayani na katika gombolola. Hizo zilikuwa hatua za kweli.

Walakini katiba hiyohiyo ilivikataza vyama kufungua matawi, kufanya mikutano ya hadhara na kusimamisha wagombea. Kila mtu, ilisemwa, asimame kwa sifa zake mwenyewe. Kisha sheria nyingine ya mwaka 1997 ikaiundia Movementi, yaani mfumo uliotawala, vyombo vyake tangu kijijini hadi taifani, ikimhesabu kila raia kuwa mwanachama. Hapo ndipo ulipozaliwa utata. Ikiwa vyama vyote vimefungiwa, na umebaki umoja mmoja wenye ofisi, viongozi na fedha za serikali, je, umoja huo si chama? Mwaka 1999 Kanali Kizza Besigye, ofisa wa jeshi aliyekuwa msituni pamoja na Museveni, aliandika kwamba Movementi ilikuwa imeiacha misingi yake ya kuwakusanya watu wote. Neno hilo lilitikisa kwa sababu lilitoka ndani.

Wananchi waliulizwa mara mbili. Katika kura ya maoni ya Juni 2000, asilimia 90 ya waliopiga kura waliutaka mfumo usio wa vyama. Katika kura ya Julai 2005, asilimia 92 waliukubali mfumo wa vyama vingi. Mtu anaweza kushangaa watu walewale kugeuka hivyo katika miaka mitano. Lakini mara zote mbili serikali ndiyo iliyounga mkono upande ulioshinda, wapinzani wengi walisusia, na karibu nusu ya walioandikishwa hawakwenda kupiga kura. Tangu uchaguzi wa mwaka 2006 wagombea wa wilaya na magombolola wakaanza tena kusimama kwa vyama.

Na kijiji je? Hapa pana jambo la kusikitisha. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba uchaguzi wa vijiji hauwezi kufanywa kwa sheria ya mfumo wa zamani usio wa vyama. Sheria ikachelewa kurekebishwa, fedha zikasemekana hazipo, na waliochaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakabaki vitini kwa zaidi ya miaka 15. Ni hadi tarehe 10 Julai 2018 ndipo wanavijiji walipopanga tena mistari nyuma ya wagombea. Katika muda wote huo mwenyekiti aliendelea kutia sahihi barua za utambulisho, kushuhudia mauzo ya ardhi na kuwajulisha polisi habari za wakazi. Wengine walifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Lakini aliyefanya kwa rushwa hakuwa na wa kumwondoa, na mtoto aliyezaliwa mwaka wa uchaguzi wa mwisho alikaribia utu uzima bila ya kuona mwenyekiti wa kijiji chake akipigiwa kura.

Ndugu wasikilizaji, tunapata somo gani? Wako wanaosema kwamba vyama vikiondolewa kijijini, siasa na ugomvi vitaondoka. Uganda inaonyesha kwamba siasa haziondoki. Hubadili nguo tu. Wako wanaosema kwamba pasipo vyama hapana demokrasia yoyote. Hao nao wanayasahau mabaraza ya miaka ya mwanzo, ambayo yalimpa mkulima wa Luwero haki ambayo hakuwahi kupewa na chifu wa Mwingereza, wala na askari wa Amin, wala na balozi wa mayumba kumi. Nguvu ya mabaraza hayo haikutoka katika kukosa vyama. Ilitoka katika mambo mawili ya wazi: kiongozi alichaguliwa na watu wanaomjua, na watu hao waliweza kumtoa. Lilipodhoofika hilo la pili, la kwanza nalo likapoteza maana.

Na kwa askari, somo ni fupi. Kiongozi aliyechaguliwa kijijini, awe ana chama au hana, si mpelelezi wa kituo wala si mtumishi wa kambi. Akigeuzwa kuwa hivyo, majirani zake humfungia midomo, na siku hiyo kituo hupoteza macho yake. Wajibu wa mwenye sare siku ya uchaguzi ni kuulinda mstari bila ya kusimama ndani yake, na siku za kawaida ni kumpokea mwenyekiti anayekuja na malalamiko ya raia, hata kama mlalamikiwa ni mwenzake wa kikosi. Pale Uganda ilipofanya hivyo, watu walilala milango wazi. Pale ilipoacha kufanya hivyo, majina ya waliokufa ndiyo yaliyobaki kushuhudia.